Boliti Nne za Kiti cha Mama Mkwe

Pale Kimara, kwa Chausiku muuza kahawa, kuna benchi moja na mafundi wengi, ingawa spana iliyokuwapo asubuhi ile ilikuwa moja, tena ya kuazima. Gaspar alikuwa kifudifudi ndani ya bajaji yake, miguu nje, jasho linamtiririka. Mwezi uliopita waya wa kiti cha nyuma ulimchania mama mkwe wake kitenge cha jumuiya, na mama akaapa hapandi tena. Leo anakuja kumwona mjukuu. Clara, mke wa Gaspar, alishatamka wazi: mama akiaibishwa mara ya pili, naye anafungasha, anamfuata kwao Kipawa. Kiti kipya kilikuwa juu ya benchi, chekundu, kinang'aa. Cha zamani kiling'ang'aniwa na boliti nne zenye kutu, na saa nne Gaspar alitakiwa awe stendi kumpokea mama.

— Hazitoki! akalalama.

— Zimwagie soda, akasema Injinia. Jina lake hasa ni Polikarpo, karani mstaafu. Uinjinia alipewa na kijiwe kwa kutokosa jibu.

Soda ikanunuliwa. Nusu wakazinywesha boliti, nusu akainywa Injinia.

— Mmeharibu, akasema Gozbert. Huyu aliwahi kubeba mizigo bandarini miezi mitatu, basi wakamwita Bandari. — Soda za zamani ndo zilikuwaga zinatoa kutu. Hizi za siku hizi sukari tupu, zinagundisha.

— Sasa mie nifanyeje?

— Zungusha kulia. Bajaji imetoka India hiyo, wenzetu wanafungulia kulia.

Gaspar akazungusha kulia. Boliti ikalia kwiii.

— Umeona? Imesikia.

— Imekaza, Bandari!

— Ndo kusikia kwenyewe huko.

Chausiku akashindwa kuvumilia.

— Kaka Gaspar, fundi si yule pale ng'ambo ya barabara? Muite tu.

— Fundi wa nini na sie tupo? Injinia akang'aka. — Sikilizeni. Boliti ikikaliwa na watu wazito miaka mitano, inaungana na gari. Kisayansi hiyo si boliti tena, ni mfupa.

— Na mfupa dawa yake kuukata, akamalizia Bandari.

Gaspar alijua hapo palikuwa pa kukataa. Lakini saa ilikuwa inakimbia, na hofu ya mkwe haina subira. Wakaazima grenda kwa wachomeleaji mageti. Cheche zikaruka, vichwa vinne vya boliti vikadondoka, kiti cha zamani kikang'oka. Kijiwe kikapiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Gaspar alijiona mkwe wa maana.

— Hodi hapo.

Alikuwa Mama Eufrazia mwenyewe, mama yake Clara, kikapu mkononi, viatu vimejaa vumbi. Alipiga simu mara tisa kutoka stendi, grenda ikaimeza milio yote. Mwisho akaamua kutembea.

Gaspar akachomoka kwenye bajaji, mikono myeusi tii.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu.

Mama akachungulia ndani. Sakafuni, vipande vya boliti vilikuwa vimeganda ndani ya matundu yote manne. Akageuka kukitazama kiti kipya.

— Kizuri. Sasa kitashikwa na nini?

Injinia akamtazama Bandari. Bandari akatazama kikombe chake.

— Chausiku, ongeza kahawa, Injinia akasema kwa sauti ndogo.

— Imekwisha.

Aibu ilimpanda Gaspar mpaka masikioni. Angeweza kujificha chini ya bajaji angejificha. Mama Eufrazia alikipangusa kiti kipya pale pale juu ya benchi, akakikalia taratibu, akajitikisa kidogo kupima ulaini wake. Kisha akatoa simu.

— Clara mwanangu, mumeo kanunua kiti laini kweli, nimeshakikalia. Mlete mjukuu wangu huku barabarani.