Neno la Sponji

Benchi letu liko mbele ya kinyozi. Lina miguu mitatu na tofali. Asubuhi natoka chumbani kwangu hapo uani na chupa ya kahawa, nakaa upande wa tofali kwa sababu mimi ndiye mwepesi. Watu ni walewale. Kuna Kinyozi mwenyewe, anasimama mlangoni na taulo begani akisubiri vichwa. Kuna Spana, fundi magari. Kuna Profesa, alikuwa karani wa stoo miaka ishirini na mpaka leo hajamaliza kutueleza. Halafu kuna mjukuu wangu Sponji, fundi wa makochi, niliyemlea mwenyewe. Siku hiyo alikuwa amejikunja katikati ya benchi kama kochi lililotolewa matumbo. Mkewe ameondoka wiki ya tatu, na saa nne anakuja kuchukua cherehani yake. Ugomvi wa ukoo huu wote ninao kichwani, tangu wa shangazi na mlango wa choo. Angekuja kufuata nguo, nisingejali. Lakini cherehani!

Na kosa lenyewe ni neno. Mjukuu wangu ana neno lake moja, likimshtua jambo lolote linamtoka. Kikombe kikianguka, "Shika ndoo!" Umeme ukikatika, "Shika ndoo!" Nesi alipomtolea mtoto wake wa kwanza amwone, "Shika ndoo!" Tukazoea. Sasa baba mkwe kafariki, Sponji kaingia sebuleni kwa watu, kimya, wamejaa mpaka mlangoni. Akaiona maiti imefunikwa. "Shika ndoo!" Kwa sauti hiyo! Baba mdogo wa mkewe akadhani anatumwa, akaenda akashika ndoo kweli.

— Sikukusudia, Bibi, — akasema Sponji, kwa mara ya mia.

— Kukusudia nini? Mdomo ni wako au umeazima?

— Ngoja, Bibi, — akadakia Profesa. — Kisayansi kabisa, ubongo una droo. Droo ya furaha, droo ya msiba, droo ya hasira. Huyu droo zake zote zimekwama, inafunguka moja tu.

— Nife nifufuke! — akasema Spana. — Droo wapi! Hiyo ni plagi. Plagi ikichoka, gari unalitia mafuta, linajibu "puh". Ukilitia tena, "puh". Sponji anahitaji kushushwa injini.

— Weka kando! — Kinyozi akatoka mlangoni. — Mimi vichwa navishika kila siku, nyie mnavisikia tu. Sponji ana mashimo mawili hapa nyuma ya sikio. Wenye mashimo hayo maneno hayakai, yanavuja. Na nawaambia jambo jingine, msinicheke. Neno hilo ndilo linaloita mikosi. Alilisema Jumanne, Alhamisi mzee akafa.

— Jumanne alisema kwa sababu ulimkata sikio! — Spana akamwambia.

— Na Alhamisi mzee akafa. Hesabu mwenyewe.

Nikachoka mwilini. Watu watatu wazima, saa inakwenda, nyumba ya mtu inavunjika, wao wanagombea mashimo ya kichwa.

— Nyie, — nikawaambia, — Spana, tangu ukae hapo umekufa na kufufuka mara ngapi? Kinyozi, kila kitu unaweka kando, hiyo kando haijajaa? Na wewe Profesa, sayansi uliisomea stoo ya sabuni? Kila mmoja ana lake, hakuna anayejisikia. Mimi umri wangu wote huu sina neno. Nikishtuka nanyamaza. Inawezekana!

Spana akakohoa. Sikumwelewa kakohoa nini.

Basi wakakubaliana kitu kimoja, cha kwanza tangu benchi lijengwe. Sponji afundishwe neno jipya kabla mkewe hajafika. Akishtuka aseme "Pole sana", linafaa msibani, linafaa kikombe, linafaa kila mahali. Akarudia mara kumi, vizuri kabisa, kama mtoto wa shule. Wakamwacha. Spana akazunguka nyuma yake, akagonga debe kwa nyundo.

— Shika ndoo!

— Mungu wangu, — nikasema. — Tena!

Kinyozi akaja na maji ya baridi, akammwagia shingoni.

— Po... po... shika ndoo!

— Ameanza na "po", — akasema Profesa. — Kisayansi kabisa, ni maendeleo.

— Mnichinje tu, — Sponji akasema, maji yanamchuruzika mgongoni. Kisha akainama, akaongea chini chini, na mimi. — Bibi, mimi nilimpenda yule mzee. Alinifundisha kufunga springi. Nilipomwona pale nilitaka kulia. Ndicho kilichotoka.

Nilikuwa nimekasirika, na mtu akikasirika hapendi kumwonea huruma aliyemkasirisha. Nikamimina kahawa.

Saa nne haijagonga, huyo anakuja. Kajifunga kitambaa cha msiba, nyuma yake mtu wa mkokoteni. Kawapita Spana na wenzake, kampita mumewe kama nguzo.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?

— Nimeamka. Nimefuata cherehani.

Sponji akasimama ghafla amsemeshe. Yeye mzito, mimi mwepesi, na benchi lina miguu mitatu. Tofali likateleza. Nikajishika ukutani, lakini chupa ya kahawa ikaruka, ikapiga kizingiti, kioo cha ndani kikapasuka, paa! Kahawa yote ikatapakaa juu ya benchi.

— Shika ndoo! — sauti ikasema.

Ilikuwa yangu.

Na kabla sijafumba mdomo, Sponji ameshanyakua ndoo ya Kinyozi, amemwaga maji yake ya kuoshea mataulo, amepiga goti chini ya benchi pale kahawa inapodondoka. Kaishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo ila mimi.

Mkewe akanitazama. Akamtazama yeye. Akanitazama tena.

— Bibi, — akauliza taratibu, — hiyo ndoo anaishika ya nini?

Profesa akafungua mdomo, akasema "Kisaya...", akaufunga. Spana akaangalia viatu. Kinyozi akaangalia ndoo yake. Wiki zote tatu za mashimo na droo na plagi, hakuna aliyewahi kuuliza.

Ninajua mimi. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na bati lililotoboka juu ya kitanda. Mvua ikianza napiga kelele, "Shika ndoo!", mtoto aliye karibu anakimbia na ndoo. Ndiyo ilikuwa sauti ya nyumba ile, haikuwa na nyingine. Siku walipoleta habari ya kifo cha babu yao, ilikuwa jua kali, hakuna hata wingu. Mimi nimeshikilia mlango, nataka kulia, na kilichonitoka ni hicho. Sponji alikuwa na miaka sita. Alikwenda akachukua ndoo, akasimama nayo chini ya tundu, akakaa hivyo mpaka watu wakajaa, mpaka jioni. Wengine wakacheka. Mimi sikumwambia aiweke chini. Sijui kwa nini. Nadhani nilifurahi kwamba kuna mtu ameshika kitu.

Na wiki tatu hizi nimemtukana kila asubuhi.

Mkewe bado anasubiri jibu. Kahawa imekwisha, kikombe hata kimoja sina cha kumpa. Nikarudisha tofali mahali pake kwa mguu, nikafuta benchi kwa kanga.

— Kaa hapa, mwanangu, — nikamwambia. — Na huyo wa mkokoteni mwambie asogee kivulini.

Akakaa, ukingoni kabisa. Sponji pale chini bado kaishika ndoo, na hakuna kinachodondoka tena.