Kofia Iliyonishikia Zamu Kwenye Banda la Gemu

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, asifiwe na waliosimama na waliokaa! Na wazee wangu, niwasalimu kwa Kigogo chetu, mbukwenyi! Najua ushuhuda hutolewa kwa kusimama. Mimi nitautoa nimekaa kwenye kiti hiki cha magurudumu, na msiojua kwa nini mtajua. Mnivumilie pia na hii kofia iliyo mapajani. Mwanaume haingii kanisani na kofia, hilo nalijua tangu utoto, lakini sijaivaa, nimeipakata tu. Nayo ina neno lake leo.

Mimi ni Elia, Baba Pendo, wa hapa hapa Miyuji. Wengi mlinifahamu nikiendesha lori la mahindi kutoka Kibaigwa. Wengine mlinifahamu kwa sababu nyingine, maana nilisemwa sana: kwamba mtu mzima, baba mwenye mvi kidevuni, alikuwa anakwenda banda la gemu kucheza mpira wa kwenye televisheni. Ni kweli. Na ili mtu asije akapiga makofi kabla ya wakati, niseme mapema: sikuja hapa kushuhudia kwamba Mungu aliniokoa na gemu. Aliniokoa na kitu kibaya zaidi.

Ndugu zangu, wengi wenu hamjawahi kuingia kwenye banda lile, kwa hiyo niwaelezeni. Ni mabati, televisheni mbili, mashine mbili za gemu, na benchi moja refu la mbao. Mwenye banda ni Hamisi, Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano, mcheshi kupita kiasi. Siku za kawaida vijana hujazana mle. Lakini Jumamosi alasiri Hamisi huwatoa wote, na inakuwa zamu yetu wazee. Kuna fundi wa kuchomelea vyuma, kuna karani wa ofisini anayevua tai mlangoni na kuikunja mfukoni, kuna dereva wa bajaji, na mimi. Tunashindana, tunatukaniana vitimu vyetu, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Mimi walikuwa wanasema nacheza kana kwamba napakia magunia, kwa nguvu tupu bila akili. Hatukuwa tunacheza kamari, hatukuwa tunakunywa. Tulikuwa wanaume wenye mizigo tunaoitua kwa saa mbili.

Na banda lile lina sheria zake. Aliyefungwa anapisha, hata awe nani. Mechi ikianza haikatwi, hata nyumba iungue. Na ya tatu ndiyo kubwa: mtu akiwa kwenye foleni akapata dharura, anaacha kofia yake kwenye benchi mahali alipokuwa amekaa. Hakuna wa kuiruka: wengine wanaendelea kucheza, lakini mwenyewe akirudi wakati wowote ndiye anayefuata. Ukiuliza nani anafuata, watakwambia, "Kofia, halafu mimi." Mgeni akitaka kuisogeza akae, benchi zima litamjibu kwa sauti moja, "Kofia ni mtu!"

Sasa sikilizeni. Ilikuwa Jumamosi, msimu wa mavuno, Kibaigwa imejaa malori mpaka barabarani. Nilikuwa nafuata mimi kucheza. Simu ikaita, dalali ananiambia mzigo wangu uko tayari, nije haraka nisije nikakosa nafasi ya kupakia. Nikavua kofia, nikaiweka kwenye benchi. Nikamwambia Hamisi, "Nakuja kukufunga jioni, usikimbie." Akaniambia, "Nenda salama, mzee wa magunia."

Sikurudi jioni ile. Magunia ya lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kipimo, yalikuwa yamepangwa juu sana kuliko inavyotakiwa, na mimi nilikuwa nimesimama chini yake nikimpigia kelele kijana wa kufunga kamba. Nilisikia watu wanapiga yowe. Nilipozinduka nilikuwa hospitalini, na nikamuuliza nesi kwa nini wamenikata miguu. Akafunua shuka akanionyesha. Miguu yangu ilikuwepo, yote miwili. Mimi ndiye nilikuwa siihisi tena.

Ee ndugu zangu! Kuna kufa mtu akazikwa, watu wakalia wakamaliza. Na kuna kufa ukaachwa kitandani ukiwasikiliza watu wakiongea chini chini sebuleni. Nilirudishwa nyumbani nikalazwa chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo linalotazama lango. Mama Pendo alikuwa ananigeuza kama mtoto, ananiosha, ananilisha ugali wa uwele na mlenda kwa mkono wake. Nilikuwa mtu wa kubeba familia mgongoni, na mgongo wenyewe ndio uliovunjika. Nilitazama ukuta. Upepo wa Dodoma mnaujua, ulikuwa unapitisha vumbi dirishani, linatua usoni mwangu, nami silipangusi. Nilisema, la nini?

Mlikuja kuniombea. Sikatai, mlikuja, na Mungu awalipe. Lakini leo nitasema ukweli hata kama utawachoma. Mliniambia ajali ile ilikuwa na mlango, na mlango wenyewe ni gemu. Mkasema lile ni pepo la michezo ndilo lililonivunja, na kwamba nikilikana na kuwakana watu wa lile banda, nitainuka. Mimi nilikuwa nataka kuinuka! Mngeniambia nile mchanga, ningekula. Nikawakana mbele yenu kwa sauti, nikilia. Nikamwagiza Mama Pendo kwamba mtu yeyote wa bandani akija, asivuke lango.

Mtu mmoja tu kati yenu hakusema kitu siku ile. Mama Yunisi, aliyekuwa akikaa humu kanisani, pale karibu na dirisha, na kuanzisha nyimbo. Yeye alikaa kitandani kwangu, akaushika mguu wangu, akaupapasa muda wote wa maombi kana kwamba nausikia. Baadaye nikaambiwa macho yamemzima, haoni tena, na hatoki nyumbani. Mniwekee jina hilo akilini.

Hamisi alikuja. Alikuja na mfuko wa zabibu. Nilimsikia pale langoni akisema, "Hodi shemeji, nimekuja kumjulia hali mgonjwa." Mama Pendo akamjibu nilivyomwagiza. Kisha Hamisi akasema, "Sawa shemeji. Basi mwambie zamu yake ipo." Akaacha zabibu akaondoka.

Mimi nililisikia neno lile dirishani, na nikaona ananicheka. Zamu gani ya mtu asiyeweza kukaa? Nikamchukia. Zabibu nikakataa kuzila.

Nikangoja kuinuka. Sikuinuka. Nanyi mkaja mara ya pili, mkaja wachache, kisha hamkuja. Siwalaumu sana, kila mtu ana shamba lake na watoto wake. Ila mjue mtu anayelala kitandani anahesabu vishindo vya lango. Marafiki wa bandani nimewafukuza mimi mwenyewe, wa kanisani wamechoka, na Mungu naye nikaona kanyamaza. Mvua za kwanza zilipogonga bati, watu wanakimbilia kupanda, mimi nilikuwa nimeacha kuomba uponyaji. Nilikuwa naomba kufa. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, maana huenda yuko mtu humu ndani anaomba ombi hilo hilo na anaona haya kulitamka. Nilitaka kufa. Nikaacha kula. Mama Pendo akinisogezea tonge nafunga mdomo. Akaniambia siku moja, "Baba Pendo, mimi sijaolewa na miguu." Hata hilo halikunigusa. Nilikuwa nimeshafika mbali.

Sasa njooni kwenye ile siku. Ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe. Nilijaribu kugeuka mwenyewe, sijui kwa nini, nikaanguka kutoka kitandani, nikakwama kati ya kitanda na ukuta, uso chini. Mama Pendo akanivuta, akashindwa. Mimi nikamwambia, "Niache hapa hapa." Akatoka mbio. Akaja hapa kanisani, akakuta mmekwenda kwenye semina. Nyumba za majirani, watu wako mashambani. Basi, mama wa watu akakimbilia mahali pekee alipojua wanaume wapo saa ile. Akasimama kwenye mlango wa banda la gemu, yule yule aliyemfukuza Hamisi, akasema, "Shemeji, nisaidie, ameanguka."

Ndugu zangu, nimewaambia mechi haikatwi. Siku ile ilikatwa! Waliziacha pedi zile za kuchezea chini, mpira unaendelea wenyewe kwenye televisheni, wakakimbia. Hamisi, fundi wa kuchomelea, karani na tai yake imechungulia mfukoni, na dereva wa bajaji. Wanne! Mhesabu wenyewe, walikuwa wanne. Hamisi akasema, "Bismillahi, pamoja," wakaninyanyua.

Walinikalisha kwenye kiti cha plastiki wakaniegemeza ukutani. Nilikuwa nimekonda, nanuka, ndevu zimenijaa. Nikageuza uso nisiwaone. Wao wakasimama wanahema. Mwisho Hamisi akajifuta jasho, akasema, "Elia, ile kofia tuifanyeje sasa?"

Nikasema, "Kofia gani?"

"Uliyoiacha kwenye foleni. Sisi tunasubiri wewe. Ukisema imetoka, tutaitoa. Hatukutaka kuitoa bila wewe kusema."

Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa anatania.

Karani akadakia, "Mzee, wewe unatutesa. Tunakaa tumebanana kwenye lile benchi tangu mavuno kwa ajili yako."

Sikuamini. Nikasema, "Nipelekeni nikaione." Wakashika kiti kile cha plastiki, kila mmoja mguu wake, wakanibeba njia nzima, watu wanatoka milangoni kushangaa. Wakaniingiza bandani. Na nikaiona! Benchi ni lile lile, na mwanzoni mwa benchi, mahali nilipokuwa nimekaa siku ile, kuna kofia yangu, hii hii. Hapa Miyuji hakuna mahali vumbi lisipotua, nanyi mnajua, lakini kofia ilikuwa safi. Kuna mtu alikuwa anaikung'uta. Na mbao ya benchi pale chini yake ilikuwa bado na rangi, wakati kwingine kote imelika kwa kukaliwa.

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, ndugu zangu, mbele ya wanaume, kilio ambacho sikulia hospitalini. Miezi yote ile niliyokuwa natazama ukuta nikisema nimesahaulika na Mungu na watu, kila Jumamosi mtu alikuwa anauliza, "Nani anafuata?" na wanaume hawa wanajibu, "Kofia, halafu mimi." Nilikuwa natajwa. Niliowakana ndio waliokuwa wananitaja!

Hamisi akanipa pedi mkononi. Mnadhani alinihurumia? Thubutu! Alinifunga mabao manne, na kila bao anashangilia kuzunguka banda. Mechi ilipokwisha akanyoosha mkono. "Pisha, mzee, umefungwa." Nikatoa pedi. Nikapisha kama mtu yeyote mwingine. Na nikajisikia mtu, kwa mara ya kwanza tangu Kibaigwa. Jioni ile nilimwambia Mama Pendo, "Nina njaa." Akageuka upande wa jiko akaanza kuwasha moto, mabega yanatikisika.

Kiti hiki cha magurudumu mnachokiona kimechomelewa na yule fundi. Na sijapona, nisiwadanganye. Zipo asubuhi naamka na ule ukuta uko pale pale unaningoja, na siku hizo ni nyingi. Madaktari wamesema sitasimama, na nimeacha kugombana nao. Lakini siombi tena kufa. Nilimwomba Mungu anitoe duniani, akanijibu kwa kunionyesha kwamba nafasi yangu duniani haijakaliwa. Huo ndio wokovu wangu. Kama unautaka wenye kishindo zaidi, mimi sina.

Neno la mwisho, na mnisamehe. Leo Mama Pendo aliponiingiza humu, nilitazama benchi la tatu kutoka mbele nilipokaa miaka yote. Limejaa. Hamkukosea kitu, mtu akiondoka wengine wanasogea, ndivyo tulivyozoea. Kisha nikatazama pale dirishani pa Mama Yunisi. Napo pamekaliwa. Mwenyewe yuko nyumba ya pili kutoka kisimani, gizani, anahesabu vishindo vya lango. Ninamjua anayetazama ukuta, hata kama haoni.

Ndugu yangu uliyelala mahali fulani unasema umesahaulika, mtumaini Mungu. Hujui ni benchi gani jina lako linatajwa. Na ndugu zangu mlio wazima, msimfanye Mungu kuwa mwongo kwa kusogea mkaziba nafasi yake. Namshukuru Bwana kwa Hamisi, kwa fundi, kwa karani, kwa dereva wa bajaji, na kwa mke wangu aliyekimbia.

Sasa nawaomba nyie mnaokaa pale dirishani msogee kidogo. Naiacha kofia hii pale, na hakuna wa kuiruka mpaka Mama Yunisi aje aanzishe nyimbo. Mtu mmoja ainuke aipeleke, maana mimi siwezi kutembea.