Gaudens Rwegoshora, Aliyeandika "Isiuzwe"

Wasifu huu unasomwa na Demetria, dada yake marehemu, hapa makaburini Temeke, leo Ijumaa tarehe 14 Juni 1957. Padri ameniomba nisome taratibu na nisimgombeze mtu. La kwanza nitaliweza.

Marehemu Gaudens alizaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 9 Septemba 1918, mtoto wa pili wa mzee Leonardi Rwegoshora. Wa kwanza ni mie. Alisoma kwa mapadri mpaka darasa la sita. Mwandiko wake ulikuwa mdogo mno, mwalimu akawa analalamika kwamba mtoto huyu atamtia upofu.

Mwaka 1941 aliingia jeshini, akawekwa Nairobi kwenye karakana ya darubini na kamera. Machi 1946 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa na duka moja la kamera mjini. Mwenye duka simtaji. Anajijua, na jamaa zake wawili wamesimama pale nyuma.

Kazi ya Gaudens ilikuwa kukagua kamera zilizokwisha kutumika, hasa zile ndogo za kukunja, za kutia mfukoni, wanazozihangaikia watu wenye wazimu wa picha. Ndani mna vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga picha inapopigwa. Mafundi huviita shata. Shata ikichoka huchelewa kufunga, mwanga huingia kupita kiasi, na picha hutoka nyeupe tupu. Gaudens aliipima kwa sikio. Aliiweka kwenye sekunde moja, akabonyeza, akatamka, "Apolonia wangu." Kwa ulimi wake maneno hayo yalikuwa sekunde kamili. Shata ikifunga pamoja naye, nzima. Ikiendelea kulia baada yake, imechoka. Wenzake walimcheka kwamba anazibembeleza kamera kwa jina la mkewe. Akimaliza, ndani ya mfuniko wa nyuma alikwaruza tarehe na hukumu yake kwa ncha ya sindano.

Apolonia huyo alifunga naye ndoa tarehe 24 Aprili 1948. Mungu akawapa Avelina, kisha Didas. Nyumba yao ilikuwa ya amani na kicheko mpaka mwaka 1954.

Mwaka huo mwenye duka alimuuzia mzee Masoud bin Hashil, muuza vyakula wa hapa Temeke mnayemjua nyote, kamera moja ya kukunja. Akamwambia fundi ameipitisha. Mzee Masoud aliitaka kwa ajili ya harusi ya bintiye, Badriya, na picha alipiga mwenyewe. Picha za filamu zote tatu zilirudi nyeupe. Miezi miwili baadaye mkewe, Bi Bahiya, akafariki, na picha nyingine yake haikuwapo. Uchungu wa mzee yule naujua, siudharau. Alipokwenda kuuliza, mwenye duka akamnyooshea kidole ndugu yangu: huyu kaiba shata nzima, kaweka mbovu. Akamfukuza kazi siku hiyohiyo. Mzee Masoud akamsimulia kila mteja, nanyi mlionunua sukari pale mkalibeba neno hilo mkaenda nalo majumbani. Watu wazima, mkamwita mwizi mbele ya watoto wake. Leo mmekuja kulia.

Na Gaudens mwenyewe nimemkasirikia, Mungu anisamehe. Nilimwambia, "Nenda kamwambie mzee Masoud afungue mfuniko asome." Akanijibu, "Dada, nimekwenda mara mbili, hakutaka hata kuniona. Nikienda ya tatu nitaonekana naomba msamaha." Uungwana wake ulinichosha. Nikakaa kumsukuma yeye badala ya kwenda mwenyewe, na kosa hilo ni langu.

Hakuna aliyempa tena kamera ashike. Akaenda kupakua saruji bandarini, miaka miwili na nusu. Kikohozi kilianza Oktoba mwaka jana. Februari akatema damu. Daktari alisema ni mapafu, sikubishana naye. Siku za mwisho kusema "Apolonia wangu" kulimchukua pumzi tatu. Alifariki Jumanne hii, tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Juzi nilikwenda dukani kwa mzee Masoud.

"Hata shikamoo hakuna?" akauliza.

Nikamwambia, "Shikamoo utaipata ukishafungua kamera."

Akaitoa kabatini, akaifungua, wala hakusita. "Mikwaruzo hii naiona tangu siku niliyoinunua," akasema. "Si ya kiwandani?"

Mzee Masoud ni msomi, lakini Kiswahili hukisoma kwa herufi za Kiarabu tu. Hizi zetu hazijui, na hakuwahi kumuuliza mtu. Mwenye duka la kamera anazisoma vizuri sana. Bintiye Badriya, aliyepita shule, alikuwapo dukani; akaisogeza kamera mlangoni penye mwanga, akasoma kwa sauti: "3 Mei 1954. Shata imechoka. Isiuzwe. G. R."

Mzee aliketi juu ya gunia la mchele. Akamwambia Badriya arudie, naye akarudia. Akaomba karatasi na kalamu. Tangu jioni ile maneno hayo yako mlangoni pa duka lake, kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wake, na chini ameongeza kwamba Gaudens hakuwa mwizi, mwongo alikuwa aliyeuza. Nikampa shikamoo yake. Msamaha bado, Padri aniombee. Na nyie wawili mliotumwa kuleta shada la maua, nimeliweka pale getini. Mrudishieni mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, Apolonia. Binti, Avelina, miaka minane. Mtoto wa kiume, Didas, miaka mitano. Mama yetu kule Kanyigo, ambaye barua haijamfikia. Na dada mmoja.

Avelina, simama watu wakuone. Baba yako aliona kitu kibovu, akaandika kwamba ni kibovu. Atakayekuambia vingine mpeleke mlangoni kwa mzee Masoud akasome. Kama herufi zile hazijui, aulize.

Gaudens, ndugu yangu, pumzika kwa Mungu wako. Kugombana niachie mie.