Bi. Tunu Lukumani na Damu Iliyokwenda Ulyankulu

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Tunu Lukumani anastaafu, baada ya kuitumikia maabara ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na sita. Kuanzia Julai mosi hatakuwepo mtu wa kututoa jasho kwa sababu ya lebo iliyoandikwa harakaharaka.

Ni mzaliwa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora mjini, binti wa fundi cherehani. Alianza mwaka 1989 akiosha vyombo vya kioo, akajiendeleza kwa masomo hadi kuwa msimamizi wa maabara. Vijana wakimwamkia shikamoo, huitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye tyubu za damu walizobeba. Wageni humdhania ana maringo. Hana, ila haamini kitu ambacho hajakitazama.

Mwaka 2019 Dk. Sylvester Jilala alianzisha utafiti wa kutafuta protini za damu zinazoweza kufichua saratani ya utumbo mpana mapema, kabla mgonjwa hajaanza kukonda na kutoa damu chooni. Wagonjwa wengi walitoka Ulyankulu na Urambo. Watu wenye afya wa kulinganishwa nao walitolewa damu hapahapa mjini. Baada ya miaka miwili zilipatikana protini tatu, na moja iling'ara kiasi kwamba tulipanga kuitegemea hiyo peke yake. Keki ikaagizwa.

Bi. Tunu hakuigusa. Alikuwa ameona kwamba majimaji ya damu za Ulyankulu yana wekundu, dalili ya chembe zilizopasuka. Akauliza kama protini ile inatoka kwenye saratani au kwenye makorongo ya barabara, maana damu za wagonjwa zilirushwarushwa garini kwa saa kadhaa, na za wenye afya zilitembezwa hatua mia mbili tu. Dk. Jilala alikasirika sana (ameniruhusu niandike hivyo), kwani ripoti ilikuwa imeshatumwa Dar es Salaam. Wengine tukanong'ona kwamba mama huyu anakaribia kustaafu na anataka kutuharibia. Nami nilikuwamo.

Hakubishana na mtu. Alijitoa damu, akaigawa katika tyubu mbili. Moja ilibaki maabara, ya pili akamkabidhi dereva Justini aipeleke Ulyankulu na kuirudisha siku hiyohiyo. Majibu yalipotoka, Bi. Tunu aliyebaki Tabora alikuwa buheri wa afya, na Bi. Tunu aliyesafiri alikuwa na saratani. Dk. Jilala alicheka hadi akavua miwani, kisha akaandika barua ya kuiondoa ripoti.

Tukaanza upya. Mashine ya kuzungushia damu, ili majimaji yatengane na chembe kabla ya safari, ilipakiwa garini pamoja na jenereta, na damu ya kila mtu, wa mjini au wa shamba, ikazungushwa palepale ilipotolewa. Protini tuliyoipenda ilianguka. Zile mbili nyingine zilisimama. Mwaka jana tulizijaribu kwa sampuli zenye namba tupu bila majina, na kati ya wagonjwa arobaini waliothibitishwa kwa kipimo cha kamera ya utumbo, zilikuwa zimewatambua thelathini na watano. Vigelegele vilisikika hadi wodini, na safari hiyo Bi. Tunu alikula keki vipande viwili.

Katika jaribio hilo alikuwamo Bi. Kankindi, mkulima wa Ulyankulu. Alikuja mjini harusini, akajitolea kutolewa damu Ng'ambo kama mtu mwenye afya, bila maumivu wala dalili yoyote. Damu yake haikupanda gari. Kwa protini ile ya kwanza angeambiwa yuko salama na kurudi nyumbani. Protini mbili zikamtaja, uvimbe ukakutwa ukiwa mdogo, ukakatwa, na msimu huu amelima mwenyewe.

Bi. Tunu, sisi tulionong'ona tunakuomba radhi, na tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakuombea mapumziko yenye afya, furaha na wajukuu watiifu. Zawadi zipo na hotuba zipo, lakini Bi. Kankindi ameketi safu ya mbele tangu asubuhi. Mpe mkono yeye kwanza.

Sayi Habimana, kwa niaba ya wafanyakazi wa maabara