Ukurasa Ambao Mama Hakutusomea

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu, ambaye majirani walimwita Mama Vitabu na wala hakuchukia, alizaliwa tarehe 9 Machi 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya msingi hapohapo mtaani, na mwaka 1968 akamaliza sekondari, wa kwanza katika ukoo mzima.

Januari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji akiwa msahihishaji, kazi ya kutafuta makosa ya watu wengine, na wenzake walio hapa leo watakubali kwamba hakuna koma iliyompita. Tarehe 12 Oktoba 1974 aliolewa na dereva wa malori, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1975, ambaye ndiye anayesoma historia hii, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa 1979.

Mwezi Juni 1984 baba aliondoka na lori na hakurudi. Watoto waliambiwa amepeleka mzigo mbali, barabara ni mbovu, wasubiri, na binti alisubiri kweli, lori likipiga honi anatoka mbio hadi getini, kila jioni anamfunikia baba yake chakula kwa sahani, na asubuhi mama anakimwaga.

Ndipo mama alipoanza kuandika vitabu vya watoto, vya nyumba zenye shida na watoto wanaojikaza, na alikuwa na desturi yake, hakupeleka kitabu kuchapwa kabla hajawasomea wanawe jikoni, yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa, wao sakafuni, na pale mmoja wao alipopiga miayo alifuta kwa penseli nyekundu, akisema mtoto hana unafiki. Waliwahi kuvisikia vyote, isipokuwa kimoja.

Septemba 1986 mwalimu wa darasa la tano aliingia na kitabu kipya, akawaambia wanafunzi wajivunie kwa kuwa mwandishi ni mama wa mwenzao, akaanza kusoma habari za msichana anayekimbilia getini lori likipiga honi, anayemfunikia baba yake chakula kwa sahani, mpaka mama wa kitabuni anapomkalisha bintiye kitandani, anamshika mikono, na kumwambia polepole kwamba baba ana mke mwingine na nyumba nyingine, hatarudi, wala kosa si la mtoto. Hivyo ndivyo msomaji wa historia hii alivyopata habari za baba yake, darasa zima likimtazama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile aliielewa methali hiyo kabla ya kufundishwa.

Alipofika nyumbani alimuuliza mama, naye akajibu kwamba hicho ni kitabu tu, mwanangu, menya viazi. Kitabu kilipendwa, mwaka 1988 kikapata tuzo, na hadi leo wageni humpa binti mkono wakimwambia alibahatika kuwa na mama anayejua kuzungumza na watoto. Yeye hutabasamu, ingawa moyoni inamuuma, maana kalamu ya mama ilikuwa nyepesi, ila mdomo wake ulikuwa mzito kwa wa nyumbani.

Februari 2019 mama alianza kuugua figo, na binti akamuuguza, akamwogesha, akamlisha, kwa sababu alimpenda na hakuacha kumpenda hata siku alizomkasirikia. Wiki ya mwisho alimpelekea kitabu kile wodini, akamwomba amsomee ukurasa mmoja tu, kwa sauti yake mwenyewe. Mama alisoma mpaka pale mama wa kitabuni anaposhika mikono ya bintiye, akavua miwani, akasema inamsumbua, atamalizia kesho. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Mei 2021.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, wenzake wa kiwandani waliomleta hadi hapa, na mwalimu yule wa darasa la tano, aliyeketi safu ya pili na fimbo yake, ambaye siku ile alikifunga kitabu, akaja kukaa kwenye dawati la mtoto anayelia, akamshika mikono.

Pumzika kwa amani, mama, kesho yako binti yako bado anaisubiri.