Mawe ya Redio Yaliyoanikwa

Basi lilipotoka Mlandizi, Sikuzani alikaa nyuma ya watu wawili waliokuwa wakigombania redio. Afisa elimu aliipakata utadhani mtoto wa wizi. Mwalimu Wilhelmina, aliyenyang'anywa redio hiyo darasani asubuhi ile, ambaye sasa alikuwa akiifuata hadi ofisini Kibaha, aling'ang'ania kiti cha dirishani kwenye jua kali, na Sikuzani hakuelewa kwa nini.

"Ndugu Mwalimu, shule nyingine zimerudisha betri ishirini ishirini zilizokwisha. Wewe nne! Maana yake vipindi vya shule hamsikilizi."

"Maana yake mawe yangu, hizo betri zenu, nayaanika yapate nguvu tena! Wanafunzi wanayapanga juu ya bati, saa nne redio inaongea. Sijakosa kipindi hata kimoja tangu Januari."

"Fomu haina nafasi ya kuanika."

"Si ungewauliza wanafunzi?"

"Fomu inahesabu betri, haihesabu wanafunzi."

Sikuzani, aliyeishia darasa la tano, alikumbuka kwamba shuleni yeye alihesabiwa kila asubuhi, hata na njaa yake.

"Na hizo ishirini," mwalimu akapandisha sauti, "umeuliza ngapi zimeishia kwenye taarabu, sebuleni kwa walimu wakuu?"

Abiria wakacheka. Afisa akawasha redio kuwanyamazisha. Haikutoa sauti. Akafunua mgongo wa redio, ndani hamna kitu.

"Mawe yako wapi?"

Hapo Sikuzani akachungulia mbele. Mawe manne ya ile redio yalikuwa yamepangwa juu ya mapaja ya mwalimu, yakiota jua.

"Kibaha!" kondakta akapiga kelele, na basi likasimama.

"Lete hayo mawe, Mwalimu!"

"Bado hayajaiva, Ndugu."