Maman Kahambu Alphonsine na Anwani Yake ya Auderghem

Familia, marafiki, na ninyi mliokuja kwa ajili ya sombe, kisamvu chetu, ya baada ya makaburi: karibuni wote, marehemu hakuwahi kumfukuza mtu mezani.

Maman Kahambu Alphonsine alizaliwa Butembo, Kivu Kaskazini, tarehe 12 Machi 1956, mtoto wa tano wa mfanyabiashara wa kahawa, na wa kwanza kwa kelele. Shule ya msingi alisoma kwa masista hapo hapo mjini. Sekondari aliondolewa mwaka wa nne kwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya inspekta. Kwa taarifa yenu, jibu la Kahambu ndilo lililokuwa sahihi.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na Papa Jean-Marie, fundi redio, mtu mkimya, aliyedhani kila kinachoongea kina kitufe cha kuzima.

Vita viliwaleta Bruxelles, Ubelgiji, mwaka 2001, wakakaa Etterbeek. Kuanzia 2003 hadi 2020 Maman alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee kule Berchem-Sainte-Agathe, ambako vibibi vya Kiflamand vilijifunza kumwambia "wasingya", yaani asante kwa Kinande, kila alipovifunga viatu.

Lakini kazi yake kubwa aliifanya bila mkataba. Mwezi Mei 2017, Guylain, mtoto wa marehemu dada yake Masika, aliachwa na mkewe, akabaki peke yake Auderghem, mtaa mwingine wa Bruxelles, na bunduki yake ya kuwindia. Jumapili moja alimpigia Maman simu: "Maman, nimechoka. Siku moja nitamaliza yote." Jumatatu Maman alikuwa mahakamani, kuomba jaji aondoe ile bunduki.

"Wewe ni nani kwake?" karani aliuliza.

"Mama yake."

"Hapa imeandikwa mama yake alifariki 1994."

"Ule njo mukubwa. Mi njo mudogo. Weye uko na mama moja tu, Madame? Pole sana."

Karani alimweleza taratibu: ombi kama hilo hupokelewa kutoka kwa polisi, daktari, au mtu anayeishi nyumba moja na mwenye bunduki. Mama mdogo wa Etterbeek hakuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

"Donc, nyumba moja tu?"

"Nyumba moja, Madame."

Siku hiyo hiyo alipita commune, ofisi ya manispaa, kuandikisha makazi mapya, kisha akabisha kwa Guylain na godoro, sufuria mbili na Biblia. Papa Jean-Marie alilalamika kwenye simu: "Unaniacha, Kahambu?"

"Nakwenda kwa mutoto. Sombe iko mu congélateur, imeganda."

Sasa, kila Mkongomani wa hapa anajua: ukihama, polisi wa mtaa anakuja kuhakikisha kweli unaishi pale. Wengine tunamngoja tukitetemeka. Maman alimngoja na chai. Alimwonyesha godoro, mswaki, sufuria, halafu akafungua kabati iliyokuwa na bunduki. "Na huyu, tunaishi naye."

Polisi alisema yeye amekuja kwa ajili ya anwani tu.

"Justement. Andika tuko trois: miye, mutoto, na huyu."

Akiwa na cheti cha makazi mkononi, alirudi kwa karani yule yule. Tarehe 6 Juni 2017 jaji alitoa amri, na bunduki ikachukuliwa.

"Maman, umenishitaki!" Guylain alifoka.

"Ee. Nuna, lakini kula."

Alinuna miezi minne. Maman hakuhama. Kila Alhamisi alimsindikiza kwa daktari, akamngoja barazani akifuma soksi ambazo hazikumtosha mtu yeyote. Alirudi Etterbeek Machi 2018, siku Guylain alipomwambia, akicheka, kwamba anakoroma kuliko treni.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza 2021. Mbele ya daktari Maman aliikataa sukari. Daktari akigeuka, yeye na sukari walipatana. Figo zilichoka, naye aliaga Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na nane, hospitalini hapa Bruxelles, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Papa Jean-Marie.

Ameacha mume, wajukuu saba, na watoto wanne: Carine, Bienaimé, Graciella na Guylain. Karatasi za serikali zinasema watatu. Huyo wa nne ana miaka arobaini na nane, yuko mbele kulia mwa jeneza, na tangu asubuhi analalamika kwamba suti inambana tumbo.

Lala kwa amani, Maman. Watoto wako wote wako hapa.